Mwambieni Mwalimu Aite Mkalimani

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa kanisa, mbele ya wazazi, wakalimani na walimu wachache wa shule za hapa kwetu Kentucky. Barafu ya usiku ule iliwazuia wengi kutoka, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika: "Dada, ulisema nini kuhusu ile fomu ya shule, ya lugha ya nyumbani?" Nimeyaandika yote, isipokuwa zile picha nilizowaonyesha ukutani.

Baba zangu, mama zangu, walimu wenzangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliojibanza nyuma karibu na birika la chai, nawaona.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, mkoa wa Kigoma. Darasa la kwanza mpaka la saba nimesoma kwa Kiswahili, na nilikuwa wa pili darasani. Kwetu, mtoto wa pili darasani anajulikana mpaka sokoni. Kisha nikaingia kidato cha kwanza, na ghafla kila kitu kikawa Kiingereza. Mwalimu wa baiolojia aliingia, akaandika ubao mzima, akafuta, akaandika tena. Nami nikaandika yote. Hati nzuri, mistari imenyooka. Niliporudi nyumbani mama akauliza, "Leo mmejifunza nini?" Nikamjibu, "Tumejifunza kuandika."

Somo lenyewe lilihusu jani la mti. Jani nilikuwa nalijua! Shule ya msingi nilishafundishwa kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na nililijibu swali hilo kwenye mtihani. Sasa kitu kilekile kilirudi kwangu kimevaa nguo za ugenini, nikapishana nacho njiani bila kukisalimu. Na ole wako useme Kiswahili uwanjani: unavishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzako.

Nawauliza. Septemba nilifanya mtihani wa darasa la saba, nikafaulu. Januari nikaingia kidato cha kwanza, nikawa mjinga. Kati ya Septemba na Januari, akili yangu ilikwenda wapi?

Haikwenda popote. Nataka mlikumbuke hilo kila mwalimu wa hapa atakapowaambia, kwa upole kabisa, kwamba mtoto wenu "yuko nyuma".

Kuna binti mmoja alikuja shuleni ninakofanya kazi, ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, ana miaka kumi. Alikaa miezi mitano hasemi. Haombi maji, haombi ruhusa ya kwenda chooni. Alikuwa anamtazama mwenzake, akitoa daftari naye anatoa, akisimama naye anasimama. Mwalimu wake, mtu mwema, alianza kuniuliza kama masikio ya mtoto yapimwe, kama kuna tatizo la akili, kama apelekwe elimu maalumu. Nikamwomba dakika kumi. Nikakaa na binti kwenye kapeti, nikafungua kitabu cha picha, nikamwambia kwa Kiswahili, "Hebu nisimulie, huyu mbwa anafanya nini hapa?" Wazazi wangu, yule mtoto aliongea! Alimpa mbwa jina, akampa na ukoo. Alisema mbwa ana njaa kwa sababu mwenye nyumba amepunguziwa posho. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, haelewi hata neno moja, lakini hakuuliza tena habari ya masikio.

Ukimya ule una maana. Mtoto anasikiliza, anakusanya, anaweka ghalani. Na alipofungua mdomo kwa Kiingereza, mwezi Machi, sentensi yake ya kwanza ilikuwa kwamba mama yake anakuja leo. Ila alimtaja mama kwa neno ambalo kwa Kiingereza ni la mwanamume. Darasa zima likacheka. Walimu mliopo hapa, naomba niwaeleze kitu kimoja ambacho hakimo kwenye vitabu vyenu vya mafunzo. Kwa Kiswahili baba ni yeye, mama ni yeye, dada ni yeye. Hatuna haja ya kujua kwanza kama ni mwanamume au mwanamke ndipo tuseme anakuja. Kwa hiyo mtoto huyu hajamkosea heshima mama yake, wala hajachanganyikiwa. Lakini ni mtoto huyuhuyu anayesema "kitabu changu kimepotea" na "vitabu vyangu vimepotea" bila kufikiri, akibadilisha mwanzo wa kila neno ili yote yapatane. Nani kati yenu anaweza kufanya hivyo baada ya miezi mitano? (Hapa walimu walicheka, mmoja akajaribu. Tumwombee.)

Sasa upande wenu, wazazi. Nasikia malalamiko ya namna nyingine: "Mwanangu anaongea Kiingereza kama Mmarekani, mbona bado wanamng'ang'aniza darasa la ESL, la wanaojifunza Kiingereza? Lile ni darasa la wajinga." Hapana. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa Canada, Jim Cummins, alizitenganisha lugha mbili ambazo sisi tunaziona moja. Ipo lugha ya uwanjani, ya mpira na utani. Hiyo mtoto huipata kwa mwaka mmoja au miwili. Na ipo lugha ya kitabu, ya kueleza kwa nini vita vilitokea, ya kulinganisha, ya kuthibitisha; hiyo huchukua miaka mitano mpaka saba. Mtoto wako anayetukana vizuri kwa Kiingereza ana lugha ya kwanza. Ya pili bado.

Ndiyo maana kila mwaka, baada ya likizo ya Krismasi, watoto wetu wanafanya mtihani wa Kiingereza wenye sehemu nne: kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Matokeo yanapangwa kwa ngazi, kutoka moja mpaka sita. Ukiletewa karatasi ile usiishie kutazama namba ya jumla. Tazama kila sehemu peke yake. Mara nyingi utakuta kuongea kuko juu na kuandika kuko chini, na hapo utajua umuulize mwalimu nini. Una haki ya kukataa mtoto asiwekwe katika darasa la ESL, ni kweli. Lakini hata ukikataa, mtihani ataendelea kuufanya kila mwaka, sasa bila msaada wa darasa lile. Fikiri kabla ya kusaini.

Turudi kwenye fomu, maana ndiyo iliyowaleta wengi.

Siku ya kumwandikisha mtoto wanakupa karatasi yenye maswali machache. Mtoto alijifunza lugha gani kwanza? Nyumbani mnaongea lugha gani? Mtoto anapenda kutumia ipi? Nimeona wazazi wakiandika "Kiingereza" katika mistari yote. Kwa nini? Wanaogopa. Wanadhani wakiandika Kiswahili mtoto atapelekwa mahali pabaya, au jina litapelekwa serikalini. Nawasihi, andikeni ukweli. Karatasi ile ndiyo inayomfungulia mtoto mlango wa msaada, na wewe mzazi mlango wa mkalimani. Na kama una ndugu ambaye makaratasi yake ya kuishi hapa hayajakaa sawa, mwambie kwamba tangu mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Texas, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto nafasi kwa sababu hiyo.

Lakini ukweli wenyewe una vyumba. Walimu wakisikia Kongo, wanaandika Kiswahili, wamemaliza. Je, wote humu ndani lugha yenu ya jikoni ni Kiswahili? Naona vichwa vinatikiswa. Kuna Babembe humu, kuna Bafuliiru, kuna Banyamulenge, kuna Balega, kila kabila na lugha yake. Niliwahi kuitwa kumkalimania bibi mmoja anayelea wajukuu. Mwalimu anauliza, mimi nakalimani, bibi anajibu, "Ndiyo." Mtoto analala mapema? "Ndiyo." Ana tatizo la macho? "Ndiyo." Amewahi kusoma kabla ya hapa? "Ndiyo." Mwalimu anaandika tu. Nilihesabu ndiyo tisa. Ya tisa ilikuwa jibu la swali, "Una watoto wangapi nyumbani?"

Nikaweka kalamu chini. Bibi alikuwa anajua Kibembe, na Kiswahili cha salamu. Alikuwa anakubali kila kitu kwa adabu, kama mtu anavyoitikia kwa wakubwa. Tulimpata kwenye simu kijana wa Fizi anayejua Kibembe, tukaanza upya, na karibu kila jibu likabadilika. Mjukuu hakuwa na tatizo lolote la macho. Hakuwa amewahi kukaa darasani hata mwaka mmoja, na hilo hakuna aliyelijua.

Walimu, ulizeni pia mtoto ametokea kambi ipi, maana kambi na kambi si sawa. Wa Nyarugusu alisoma mtaala wa Kongo. Kichwani ana Kifaransa, kwa hiyo ukimwandikia neno "triangle" au "photosynthèse" atakutazama kama mtu aliyekutana na jamaa yake. Wa Kakuma alisoma mtaala wa Kenya, wa Nakivale alisoma mtaala wa Uganda, na hao Kiingereza cha daftari wanakijua kuliko mnavyodhani. Lafudhi yenu ndiyo inayowashinda. Na umri pia uulizwe kwa upole. Nikisema humu aliyezaliwa Januari mosi ainue mkono, mtaona maajabu. Asiyejua tarehe yake aliandikiwa hiyo ofisini, na tarehe hizo za ofisini zimewapeleka watoto madarasa yasiyo yao.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mama mmoja, wa humuhumu mjini, aliitwa shuleni. Kijana wake wa miaka kumi na mbili alikuwa amepigana mara mbili wiki ile. Mkalimani hakuitwa. Mwalimu akamwambia kijana mwenyewe, "Mweleze mama yako." Mwalimu akazungumza kwa muda mrefu, uso umekunjamana, mikono inapaa hewani. Kijana akamgeukia mama: "Anasema niko sawa, ila niongeze bidii kwenye hesabu." Mama akashukuru, akampa mwalimu mkono, akatabasamu. Mwalimu akaandika kwamba mzazi hajali.

Mama huyu si mjinga. Aliniambia baadaye, "Dada, niliona maneno yalikuwa mengi yakaingia, machache yakatoka. Lakini ningeuliza nini, kwa lugha gani?"

Tusimlaumu kijana. Tumemkalisha mtoto kwenye kiti cha hakimu, karani na mshtakiwa kwa wakati mmoja. Na wapo wanaofanya vizuri, hawadanganyi, na hao ndio wananiumiza zaidi: binti wa miaka kumi na mitatu anamtafsiria mama yake maneno ya daktari, barua ya mwenye nyumba, kesi ya mdogo wake shuleni. Akirudi nyumbani, nani mzazi? Nani atamwambia alale saa tatu, wakati yeye ndiye anayejua siri zote za nyumba?

Kwa hiyo jifunzeni sentensi moja ya Kiingereza. Nimeiandika kwenye kadi, ipo mezani, mchukue mbili mbili. Inasema: naomba mkalimani wa lugha yangu, tafadhali. Msiisome kwa woga. Hamwombi sadaka. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia, inayokataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake. Watoto wa Kichina wa San Francisco, karibu 1,800 wasiokuwa na msaada wowote wa lugha, ndio waliotufungulia njia kwa sheria hiyo. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu mwaka 1974, na majaji wakasema kumpa mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule, kwa lugha asiyoielewa, si kumpa usawa. Najua wengi mna wasiwasi kwa sababu Machi 2025 rais alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya nchi. Mmeniuliza, "Sasa haki imekwisha?" Amri ya rais haiwezi kufuta sheria iliyopitishwa na Bunge, na sheria ya 1964 bado ipo. Ombeni mkalimani. Mkinyimwa, ombeni tena kwa maandishi, na mbaki na nakala.

Wakalimani wenzangu, na sisi tusijione malaika. Shule moja ilimtumia mzazi ujumbe kwa programu ya simu ya kutafsiri: mkutano ni "saa 2". Mama akafika saa mbili asubuhi, amevaa kitenge chake kizuri. Akakaa ofisini mpaka saa tano hakuna aliyemwita, akaondoka kwenda zamu yake ghalani. Mwalimu akamsubiri saa nane mchana, ambayo kwao ndiyo saa mbili, akaandika: mzazi hakufika. Wote wawili walisubiri! Mashine haijui kwamba saa zetu zinaanza jua linapochomoza. Lakini nimeona na mkalimani, mtu mzima, akifanya kosa hilohilo. Andikeni "saa nane mchana", na pembeni mchore saa yenyewe na mishale yake.

Kuna jambo jingine dogo, limewachoma wengi. Alama.

Baba mmoja alikuja ofisini na ripoti ya mwanawe, anacheka mpaka magego yanaonekana. "Mutoto wangu alishinda! Makumi sita na mbili!" Kongo, mwenye hamsini kwa mia amevuka, na mwenye sitini na mbili watu wanampa mkono. Alikuwa ameshamnunulia kijana viatu. Ikanibidi nimweleze kwamba hapa sitini na mbili ni D, mlango mmoja tu kabla ya kufeli. Sijui kama nimewahi kuona furaha ikizimika vile. Akaniuliza, "Mbona hakuna aliyeniambia?" Ripoti tatu zilikuwa zimepita. Shule ilidhani kwa kuwa alisaini, ameelewa. Yeye alidhani kwa kuwa hawakumwita, mambo ni mazuri.

Maana sisi tumelelewa kwamba ya shule ni ya mwalimu. Kwenda kila wiki kumuulizauliza mwalimu, kwetu ni kumdharau kazi yake. Hapa, usipokwenda wanasema hujali. Tunawapa heshima, wao wanaona mgongo. Walimu, lijueni hilo. Wazazi, nendeni hata kama huna la kusema. Nenda ukasalimie.

Na la mwisho, lugha ya nyumbani. Kuna wazazi wameambiwa, na nasikitika kwamba wengine wameambiwa na walimu, "Ongea na mtoto Kiingereza nyumbani." Mama aliyejua maneno arobaini ya Kiingereza akaanza kumlea mtoto kwa maneno arobaini. Njoo, kula, acha, lala. Hadithi zikaisha. Maswali ya "kwa nini" yakaisha. Mtoto anayejua kueleza sababu kwa Kiswahili au Kibembe atajifunza kuieleza kwa Kiingereza. Asiyeijua kwa lugha yoyote ataanzia wapi?

Mwaka jana mwalimu mmoja wa sayansi aliniuliza kama kuna mzazi anayejua kitu chochote kuhusu uchachu, maana alikuwa anafundisha vijidudu. Nikamwambia, nakuletea profesa. Nikamleta mama mmoja wa kutoka upande wa Uvira, na beseni lake. Akasimama mbele ya watoto ishirini na kitu, mimi nikakalimani. Akaeleza muhogo mchungu: unaumenya, unauloweka siku tatu au nne, maji yanatoa povu, unanuka, unalainika, unauanika, unautwanga. Mtoto mmoja wa Kimarekani akauliza, "Unajuaje umeiva majini?" Mama akamshika kidole, akakibonyeza kwenye kipande alichokuja nacho. Kikazama. "Hivyo," akasema. Kisha mwalimu akaandika ubaoni jina la sumu iliyomo ndani ya muhogo mchungu, sianidi, akaeleza jinsi kuloweka kunavyoiondoa. Mama akanivuta sikio: "Mwambie sisi tulijua inaua. Jina lake ndilo hatukuwa nalo."

Mwanawe alikuwa kiti cha tatu dirishani. Tangu Agosti hakuwa ameinua mkono. Siku ile aliunyoosha, akamsahihisha mwalimu jinsi ya kutamka jina la mama yake.

Nimesema sana, na chai inapoa. Kadi ziko mezani, fomu ziko mezani, na wakalimani watatu watakaa pale mpaka saa kumi, saa kumi yetu. Naona babu pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. Karibu, babu, simama. Sema kwa Kibembe tu, usijisumbue; safari hii nimekuja na mtu.